Je, yafaa kumfuga muuaji shambani?

Ndugu msomaji, anayetoka Musoma mjini akazunguka vijiji vya Butiama na Bunda wakati mahindi yamefika kiunoni, ataona katika baadhi ya mashamba maua madogo ya zambarau yamesimama chini ya mahindi yaliyodumaa. Mgeni atadhani ni pambo. Mkulima wa Mara hadhani hivyo. Huo ni mmea uitwao kiduha, na maua yake yanapoonekana juu ya ardhi, uharibifu umekwisha kufanyika chini ya ardhi.

Kiduha hakigombanii nafasi na mwanga kama magugu mengine. Mbegu yake, ndogo mithili ya vumbi, hulala udongoni ikingoja. Mzizi wa mahindi, mtama au ulezi ukipita jirani hutoa kemikali fulani, na mbegu ile huamka, ikajishikiza kwenye mzizi na kuanza kunyonya maji na chakula. Shina moja la kiduha huweza kumwaga mbegu makumi ya maelfu, na mbegu hizo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi bila kufa. Mama anayeinama kung'oa kiduha kwa mkono anamng'oa mwizi aliyekwisha kula. Hapana shaka kuwa ndiyo sababu wenzetu wa magharibi mwa Kenya, hatua chache tu kutoka mpakani kwetu, wanakiita "kichawi".

Huko Kenya kumepatikana njia ya kupambana nacho ambayo imezua swali linalostahili kujadiliwa na Waislamu, na hasa sisi wa mjini ambao tunakula unga bila kujua mkulima ameupata kwa vita gani. Njia yenyewe ni kufuga kuvu, au kama tulivyozoea kusema, fangasi, na kuipeleka shambani ikaue kiduha.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, katika somo la nafasi ya mwanadamu kama khalifa katika ardhi, aliniuliza jambo ambalo halikuwa kwenye mtaala. Alikuwa amesikia kwa mjomba wake anayefanya biashara Kenya kuwa huko watu wanapika wali, si wa kula, bali wa kuulishia ugonjwa. Akauliza: "Ustadhi, kuvu ni kiumbe hai. Kuilisha na kuikuza ili ikaue kiumbe kingine, huo si uchawi wa kisasa?" Darasa zima lilicheka. Mimi niliona ni swali la mtu anayefikiri. Muda wa kipindi ulitosha kumjibu kwa ufupi tu, nami napenda kulijibu hapa kwa marefu.

Kuvu inavyofugwa

Kwanza tuelewe kinachofanyika, kwani hukumu juu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo hilo.

Watafiti nchini Kenya walichukua kuvu ya jamii ya Fusarium kutoka kwenye kiduha kilichokuwa kimeugua. Yaani hawakuileta kutoka ng'ambo, bali ilikuwamo kwenye udongo wao wenyewe. Kisha wakachagua, miongoni mwa kuvu hizo, zile zinazotoa kwa wingi baadhi ya viini vya protini ambavyo kiduha hakivistahimili. Hapakuwa na kupandikiza vinasaba vya kiumbe kingine. Kuvu hiyo hupakwa kwenye vijiti vya kuchokolea meno na kupelekwa vijijini. Mtu aliyefundishwa huko kijijini hukitia kijiti ndani ya chombo chenye wali uliopikwa, kuvu ikastawi humo kwa siku chache, na mkulima hutia kiasi kidogo cha wali huo katika shimo pamoja na mbegu ya mahindi. Kuvu huishi jirani na mzizi, na kiduha kinapokuja kunyonya, hukutana nayo.

Mwaka 2016 Sila Nzioki wa Kenya na wenzake, akiwemo David Sands wa Chuo Kikuu cha Montana State nchini Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa na wakulima 500 wa magharibi mwa Kenya. Kila mkulima alilima vipande viwili, kimoja kwa kuvu na kimoja bila kuvu. Mavuno kwenye vipande vyenye kuvu yalizidi kwa wastani wa asilimia 56 katika mvua ndefu na asilimia 42 katika mvua fupi. Mwaka 2021 dawa hiyo iliruhusiwa kuuzwa Kenya kwa jina la Kichawi Kill.

Wala fikra hii si ngeni. Mwaka 1835 Mtaliano Agostino Bassi alionyesha kuwa maradhi yaliyokuwa yakiwaangamiza viwavi wa hariri yalisababishwa na kuvu. Mwaka 1879 Elie Metchnikoff, akiwa Odessa, alijaribu kuigeuza balaa ya namna hiyo kuwa silaha, kwa kukuza kuvu iitwayo Metarhizium dhidi ya mbawakawa walioharibu ngano. Jamii hiyo hiyo ya kuvu ilifika hapa kwetu Tanzania. Mwaka 2009 nzige wekundu walipozaliana kwa wingi Katavi, nyanda za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la kikanda la kudhibiti nzige wekundu walinyunyizia Metarhizium katika eneo la hekta zipatazo 10,000. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dawa ya namna hiyo kutumika dhidi ya nzige kwa ukubwa huo barani Afrika. Shirika hilo lilisema chakula cha watu wapatao milioni 15 katika kanda kingeweza kuwa hatarini kama nzige wale wangeachwa.

Kuvu hii haihitaji kuliwa na nzige. Chembe zake za uzazi hutua juu ya ngozi ya mdudu, zikachipua, zikatoboa na kuingia ndani, na mdudu hufa baada ya wiki moja hadi tatu. Huko Lupiro, karibu na Ifakara, watafiti walitundika vitambaa vyeusi vilivyopakwa kuvu ndani ya nyumba za wanakijiji. Mwaka 2005 walitangaza kuwa asilimia 23 ya mbu wa malaria walionaswa humo walikuwa wameambukizwa. Hivyo ndugu msomaji asidhani tunazungumzia ndoto. Ni jambo lililokwisha kufanyika katika nchi yetu, kusini na magharibi yake, na sasa liko jirani na Mara.

Uchawi ni kitu kingine

Nilimwambia mwanafunzi wangu kuwa uchawi haupendi kuonwa. Mchawi hudai nguvu isiyopimika, hufanya mambo yake kwa siri, na akishindwa humtafuta wa kumlaumu. Hapa mambo ni kinyume. Sababu inaonekana kwa darubini, inaweza kurudiwa na mtu wa dini yoyote na kabila lolote, na mwenye kuifanya anaweka vipande viwili vya shamba ili ulimwengu umhukumu kwa macho. Kufuata sababu ambazo Allah (S.W.) ameziweka katika maumbile si ushirikina. Kinyume chake, kuziacha sababu na kukimbilia dhana ndiko kunakofungua mlango wa ushirikina.

Na jambo hili si dogo katika mkoa wetu. Shamba linapokufa mwaka wa pili na wa tatu mfululizo huku la jirani limenawiri, kuna wanaoanza kunong'ona. Jina lenyewe la "kichawi" linawasaidia. Mkulima aliyefahamu kuwa adui yake ni mbegu iliyolala udongoni tangu mwanawe hajazaliwa, hana haja ya kumtazama kikongwe wa jirani kwa jicho la shaka. Elimu hapa inaokoa mahindi, na inaokoa pia heshima ya mtu, pengine na uhai wake.

Je, kuua kunafaa?

Linabaki swali la pili, ambalo ndilo zito. Tukikubali kuwa si uchawi, je, tunayo haki ya kulea kiumbe kwa lengo la kuua?

Wapo wanaosema kila kiumbe kina tasbihi yake na mwanadamu hana ruhusa ya kuangamiza. Kauli hii ina utukufu, lakini haikutimia. Sheria yetu imeruhusu kuua chenye kudhuru, hata baadhi ya wanyama waharibifu wametajwa kuwa huuawa hata katika eneo takatifu la Makka. Lakini sheria hiyo hiyo imeweka mpaka. Katika hadithi sahihi tunasimuliwa habari za nabii mmoja aliyeumwa na sisimizi mmoja, akaamrisha kichuguu kizima kichomwe, naye akalaumiwa na Mola wake. Nabii yule hakulaumiwa kwa kukerwa na mdudu. Lawama ilikuja kwa kuwa umma mzima uliadhibiwa kwa kosa la mmoja.

Tuliweke tukio hilo mbele yetu tunapotazama kilimo chetu. Bunda ni nchi ya pamba. Kila msimu watu hubeba bomba la kupulizia mgongoni, wengi bila glavu wala kinga ya pua, wakipambana na funza wa vitumba. Sumu ile haimchagui funza peke yake. Nyuki anakufa, buibui aliyekuwa akimla funza anakufa, na inayobaki husombwa na mvua kuelekea mito inayoingia ziwani. Mpulizaji mwenyewe hurudi nyumbani na nguo ile ile, akambeba mtoto. Huko si ndiko kuchoma kichuguu kizima?

Wanazuoni wa fiqhi wametuachia kanuni mbili zinazokwenda pamoja: kwamba madhara huondolewa, na kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara mengine yaliyo sawa nayo. Kanuni ya kwanza inamnyima mtu ruhusa ya kukaa kimya huku kiduha kikila riziki ya mayatima. Kanuni ya pili inamnyima ruhusa ya kutumia chochote anachokipata dukani. Kuvu inayomlenga nzige na kumwacha kiboko na samaki wa Katavi inakaa karibu zaidi na kanuni zote mbili kuliko sumu inayoua kila inachokigusa. Hata nzige mwenyewe, ambaye kwetu ni halali kuliwa, akipuliziwa sumu kali anageuka kuwa hatari kwa maskini anayemwokota.

Kwa hiyo jibu langu la mwanzo ni kwamba, ndiyo, yafaa. Lakini jibu hilo likiachwa hapo litakuwa hatari, kwa sababu kuna hoja moja mbovu inayopenda kulidandia.

"Cha asili" si hati ya usalama

Hoja hiyo mbovu ni ya wanaosema: kuvu ni kitu cha asili, basi haina madhara. Maneno haya siku hizi yanauza kila kitu, kuanzia sabuni hadi dawa za nguvu za kiume zinazotembezwa stendi. Lakini sumukuvu nayo ni ya asili. Inatengenezwa na kuvu inayoota juu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Hakuna kiwanda kilichoitengeneza.

Na hata kuvu tunayoisifu ina ndugu wabaya. Katika jamii hiyo hiyo ya Fusarium imo kuvu inayoleta mnyauko wa migomba ujulikanao kama ugonjwa wa Panama. Wataalamu wanatueleza kuwa kuvu hizi zimegawanyika katika makundi, na kila kundi lina mmea wake linaoushambulia, kiasi kwamba ya migomba haimgusi kiduha na ya kiduha haiigusi migomba. Maelezo hayo yana msingi, lakini msingi wake ni majaribio, si jina la "asili". Mwenye migomba yake Tarime ana haki ya kuuliza: mmejaribu juu ya mimea gani mingine? Na mwenye kujibu ana wajibu wa kuonyesha, si kuapa.

Sisi wa Musoma tuna ushahidi karibu na mlango. Sangara hakuwa wa Ziwa Victoria. Aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 alipokuwa ameenea, mamia ya aina za furu waliokuwa hawapatikani popote pengine duniani walitoweka au kupungua mno. Ni kweli pia kwamba sangara ameleta viwanda, ajira na fedha za kigeni, na wengi wetu tumesomeshwa kwa fedha zake. Mimi simlaumu samaki. Nasema tu kwamba sangara ni kiumbe cha asili, amezaliwa kama samaki wengine, na aliyemtia ziwani hawezi tena kumtoa hata akitubu. Kiumbe hai si kama sumu inayokwisha nguvu. Kinazaa, na kinaenda kisikotumwa.

Lakini ziwa hilo hilo lina ushahidi wa upande wa pili. Gugu maji lilipofunika ghuba na mialo yetu katika miaka ya 1990, nchi tatu zenye ziwa zilifuga wadudu wadogo aina ya fukusi wenye asili ya Amerika ya Kusini, kulikotoka gugu lenyewe, wakaachiwa majini. Wadudu hao walikuwa wamepimwa kwanza, ikathibitika kuwa chakula chao ni gugu hilo. Mwishoni mwa muongo ule gugu lilipungua sana. Wataalamu wamebishana ni kiasi gani cha kazi kilifanywa na fukusi na kiasi gani kilifanywa na hali ya hewa ya El Nino ya 1997 na 1998, na gugu limekuwa likirudi kila rutuba ya maji taka inapozidi. Lakini hatujasikia fukusi wale wakihamia kwenye mahindi ya mtu.

Sangara na fukusi wote waliingizwa na binadamu katika maji yale yale, na wote ni wa "asili". Tofauti ni kwamba mmoja aliachiwa kwa sababu watu walitaka faida yake, na mwingine aliachiwa baada ya kuulizwa: huyu anakula nini, na hali nini? Swali hilo ndilo linalotenganisha ukhalifa na uchezaji.

Nani ameshika kijiti?

Kuna swali jingine ambalo maabara haiwezi kulijibu. Hata kama kuvu imethibitika kuua inachopaswa kuua, ni nani mwenye haki ya kuamua iachiwe, na katika ardhi ya nani?

Mwaka 2000, Marekani ilipokuwa ikiandaa msaada mkubwa kwa Colombia wa kupambana na dawa za kulevya, lilikuwepo pendekezo la kutumia kuvu ya jamii hii hii ya Fusarium kuangamiza mashamba ya koka. Kulitokea upinzani mkubwa katika nchi za ukanda ule, Colombia haikuukubali mpango huo, na ukafa. Mwaka 2011 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani kwenyewe lilitoa ripoti likasema ushahidi uliopo hautoshi kuonyesha kuwa kuvu za namna hiyo zingefanya kazi na kuwa salama.

Ndugu msomaji, kokeini ni uovu, na hakuna Muislamu atakayeitetea. Hata hivyo linganisha mambo mawili haya. Katika Kenya magharibi mkulima mwenyewe, kwa vidole vyake, anatia wali wenye kuvu katika shimo la shamba lake, akiacha kipande cha pili bila kuvu ili ajionee. Katika mpango wa Colombia, kuvu ilitakiwa iingie kwa msukumo wa taifa la mbali, katika ardhi ya watu wasioulizwa, na kama ingeharibika, aliyeituma asingekula hasara yake. Kuvu ni za jamii moja. Tofauti ya hukumu inatokana na mkono ulioishika, ridhaa ya mwenye ardhi, na nani atakayebaki kuwajibika. Shura haikuwekwa kwa ajili ya mambo ya utawala wa juu peke yake. Anayeachia kiumbe hai upande wa juu wa kijiji, awashirikishe walioko upande wa chini.

Amana ya muuzaji

Kuna na mtu wa tatu, ambaye mara nyingi tunamsahau tunapojadili mambo makubwa ya sayansi. Huyu ni muuzaji.

Dawa hii ni kitu hai. Ikiachwa juani inakufa. Ikikaa dukani muda mrefu katika joto, mkulima anaweza kununua wali mkavu usio na faida yoyote. Ikikuzwa katika chombo kichafu, juu ya wali huo inaweza kuota kuvu nyingine, na hatujui ni ipi. Na mkulima hana jicho la kutofautisha. Atagundua mwezi wa tatu, pale maua ya zambarau yatakapochomoza, na msimu umekwisha. Katika bei ya mfuko mmoja atakuwa amepoteza chakula cha mwaka.

Tunajua jinsi Qur'an ilivyowakemea wapunjao vipimo. Wengi tunadhani kupunja ni kuweka jiwe chini ya mizani sokoni. Kumuuzia mkulima uhai uliokufa ni kupunja kubaya zaidi, kwa sababu aliyepunjwa nusu kilo ya sukari huona siku ile ile. Muuzaji wa pembejeo anayehifadhi dawa hizi pasipo kivuli huku akijua, na fundi wa kijijini anayechanganya wali mpya na uliooza ili kujaza idadi, wanafanya khiyana ya amana. Na hapa serikali nayo ina sehemu yake. Tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye kazi ya kusajili na kukagua viuatilifu vyote, vya kemikali na vya viumbe hai. Ni haki ya mkulima kuuliza dawa anayouziwa imesajiliwa au la, na ni wajibu wetu sisi tuliosoma kumsaidia kuuliza.

Kukaa kimya nako ni kutenda

Baada ya yote haya, kuna atakayesema: kwa kuwa hatari zipo, heri tuache kabisa. Huu mimi nauona ni uchamungu wa mtu aliyeshiba. Anayekula mkate wa dukani Musoma hapotezi kitu kwa kusema tuache. Mjane wa kijijini aliyepanda ekari moja ya mtama akavuna magunia mawili badala ya matano, yeye ndiye anayelipa gharama ya tahadhari yetu. Kuacha kutenda si kutokuwa na hatia. Ni kuchagua madhara yaliyopo badala ya yale yanayoweza kuja, na mwenye kuchagua hivyo kwa niaba ya wengine ataulizwa.

Njia ya sawa ni kupima madhara kwa madhara, na kuchagua jepesi pale ambapo yote hayaepukiki. Wala kuvu isifanywe kuwa tiba pekee. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye kampasi Mbita kwenye ziwa letu hili hili upande wa Kenya, kimekuwa kikifundisha tangu miaka ya 1990 kupanda mmea wa desmodium katikati ya mahindi, nao hukizuia kiduha, huongeza rutuba na hulisha mifugo. Samadi, mzunguko wa mazao na kung'oa kiduha kabla hakijatoa mbegu bado vina nafasi yake. Mwenye busara hatupi jembe kwa kuwa amepewa kijiti.

Sisi wa mkoa huu tuna bahati ambayo wengine hawana. Pale Butiama kimeanzishwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Swali la ni kuvu gani iliyomo katika udongo wa Mara, inamuua nani na inamwacha nani, lingefaa kuulizwa hapo na vijana wetu wenyewe, badala ya kungoja majibu yaje yamefungwa kwenye mfuko wenye maandishi ya lugha nyingine. Wazazi Waislamu tuwapeleke watoto wetu kusoma kilimo na elimu ya viumbe kwa bidii ile ile tunayowapeleka kusoma sheria na uhasibu. Kamati za misikiti zenye mashamba zinaweza kumwita afisa kilimo wa kata baada ya sala ya Ijumaa, akaeleza kiduha ni nini na si nini. Na wenye ndugu vijijini tuwaeleze, kwa lugha wanayoielewa, kwamba kinachowala ni mmea, na mmea una dawa.

Mwanafunzi yule aliuliza kama ni halali kulea muuaji. Jibu ni kwamba ukhalifa haukukatazwa kuua chenye kudhuru, bali umekatazwa kuua kwa upofu, kuua katika ardhi ya mtu bila idhini yake, na kuua kisha ukaondoka bila wa kuulizwa. Atakayetimiza masharti hayo, na apike wali wake kwa jina la Allah. Asiyeyatimiza, hata akitumia kitu cha asili namna gani, ni mfisadi katika ardhi kama wafisadi wengine.

Wabillahi tawfiq.